Geuza Upande wa Pili: Kukusanya Karatasi za Chapa ya Mbao Kutoka Vitabu vya Kale

Katika kitabu kikubwa cha historia ya dunia kilichopigwa chapa Nürnberg, Ujerumani, mwaka 1493, miji ya Mainz, Napoli, Bologna na Lyon ina picha moja. Kuta zilezile, minara ileile. Kinachobadilika ni jina lililopangwa kwa herufi juu yake. Mchapaji alikuwa na kibao kimoja kilichochongwa mji, na miji mingi ya kueleza, akakitumia kama karani anavyotumia muhuri: gonga hapa, gonga pale. Kitabu kizima kina picha 1,809 zilizotoka katika vibao 645, na humo ndani wafalme na mapapa walioachana kwa karne kadhaa wanachangia sura.

Anayetaka kukusanya karatasi za vitabu vya namna hii afadhali aanze na habari hiyo, maana inamwepusha na kosa linalowagharimu wengi: kununua picha. Picha peke yake inaweza kuwa ya 1493, ya 1550, ya 1810, au ya juzi kutoka mashine ya ofseti. Kinachosema ukweli ni maandishi yanayoizunguka, na hasa yale ya mgongoni. Muuzaji akikuonyesha upande wa picha tu, mwambie ageuze.

Picha na maandishi viliingia pamoja

Tuelewane kwanza kuhusu neno. Karatasi si ukurasa. Karatasi moja ina kurasa mbili, uso na mgongo, na zamani ilishonwa pamoja na wenzake ndani ya kitabu. Kitabu kikafumuka chenyewe, au kikafumuliwa, na karatasi zikaanza kuuzwa mojamoja.

Chapa ya mbao ilipita mikononi mwa watu watatu. Mchoraji alichora juu ya kibao, mara nyingi cha mpeasi. Mkataji akashika kisu na kuondoa mbao pembeni mwa kila mstari, akiuacha mstari wenyewe umesimama. Mchapaji akapaka wino na kukandamiza. Anayejua milango ya nakshi ya Lamu na Unguja atalielewa hili upesi: ua linabaki limeinuka, na ardhi yake ndiyo iliyochimbwa. Tofauti ni kwamba hapa kinachoinuka ni mstari mwembamba kama uzi, na mchoro umegeuzwa kushoto kuwa kulia.

Kibao kilikatwa kiwe na kimo sawa na herufi za risasi, kama milimita 23 hadi 24. Kwa hiyo picha na maneno vilifungwa katika fremu moja, vikapakwa wino mmoja na kukandamizwa kwa mvuto mmoja wa mashine. Ndiyo sababu vitabu vya kwanza vyenye picha vilitegemea mbao kuliko shaba: bamba la shaba linahitaji mashine nyingine yenye rola, na karatasi lazima ipitishwe mara mbili. Na kwa mkusanyaji hicho ni kipimo cha bure. Picha na herufi za karatasi halisi zina weusi wa aina moja na zimebonyea kwa namna moja. Zima taa ya chumba, mulika tochi kutoka ubavuni ikiwa imelala karibu sawa na karatasi, na utaona mgongoni vijituta pale ambapo mistari ya upande wa pili ilisukuma karatasi. Chini ya lenzi ya sonara, ya kukuza mara 10, ukingo wa mstari huwa mweusi zaidi kuliko katikati yake, kwa kuwa wino ulibanwa ukakimbilia pembeni. Ukiona vitone vilivyopangana kama chujio, hiyo ni picha ya kamera. Toleo la kunakili la kitabu hiki cha Nürnberg, lililotolewa na Taschen mwaka 2001, ni kazi nzuri sana ya kusoma, ila kurasa zake zilizokatwa na kuwekwa kwenye fremu si za 1493.

Kilwa si ya mbao

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki akianza kutafuta, jambo la kwanza atakalotamani ni picha ya kwao, na ipo. Mwaka 1572 Georg Braun na Frans Hogenberg walitoa huko Köln juzuu ya kwanza ya kitabu chao cha miji ya dunia. Ndani yake mna karatasi moja yenye Aden juu, na chini yake Mombasa, Kilwa na Sofala. Inauzwa mara kwa mara, na mara kwa mara inatangazwa kuwa chapa ya mbao. Siyo. Ni ya bamba la shaba.

Kwenye shaba mambo yamepinduliwa. Mstari umechimbwa ndani ya bamba, wino umejazwa humo, na karatasi yenye unyevu imesukumwa iingie kuufuata. Kwa hiyo wino umesimama juu ya karatasi kidogo sana, mstari unaanza mwembamba kama sindano, unanenepa, kisha unachongoka tena, na kuizunguka picha yote kuna alama ya kingo za bamba, kama kisahani kilichobonyezwa. Kwenye mbao hakuna kisahani, na mstari unaishia butu. Ukishaziweka karatasi mbili hizo ubavu kwa ubavu mara moja, hutazichanganya tena.

Zipo nyingine mbili zinazochanganya zaidi. Vitabu vidogo vya sala vilivyochapwa Paris kuelekea 1500, kama vile Philippe Pigouchet alivyomchapia Simon Vostre, vina picha zinazoitwa na kila mtu chapa za mbao, ilhali nyingi zilichongwa kwenye chuma kwa njia hiyohiyo ya kuinua mstari. Tazama mandhari ya nyuma ya watu: kama ni nyeusi iliyojaa vitone vyeupe kama nyota, ni chuma. Tazama pia fremu ya picha. Mbao ikichakaa hupasuka au humeguka, ukaona pengo jeupe. Chuma hupinda, ukaona fremu imeyumba bila kukatika. Bei haishuki kwa ajili hiyo, lakini jina liwe sahihi. Aina ya pili ni mbao iliyochongwa kwenye kichwa cha gogo, si ubavuni, mtindo ulioenea kuanzia mwisho wa karne ya 18 na kujaza magazeti yote ya karne ya 19. Mistari yake ni laini mno, mara nyingi ni mistari myeupe ndani ya weusi. Ni kazi nzuri na ya bei rahisi, lakini haihusiani na vitabu tunavyovizungumzia.

Kuipa karatasi jina

Tuchukue karatasi moja ya kile kitabu cha Nürnberg, kwa kuwa ndiyo inayopatikana kwa urahisi kuliko zote za karne ya 15. Mtunzi alikuwa daktari Hartmann Schedel, mchapaji Anton Koberger, na warsha ya picha ilikuwa ya Michael Wolgemut na Wilhelm Pleydenwurff. Toleo la Kilatini lilimalizika tarehe 12 Julai 1493, la Kijerumani tarehe 23 Desemba mwaka huohuo. Albrecht Dürer, aliyekuja kuwa mchoraji mashuhuri, alikuwa mwanafunzi wa Wolgemut kati ya 1486 na 1489, na wauzaji hupenda kumtaja kila karatasi inapoingia sokoni. Usilipe hata senti moja kwa ajili ya jina hilo.

Angalia kichwa cha ukurasa. Karatasi ya Kilatini ina namba ya Kirumi inayotanguliwa na neno Folium, mara nyingi likiwa limefupishwa; ya Kijerumani ina neno Blat. Herufi za Kilatini ni za mviringo na zimenyooka. Za Kijerumani zina mikia na kuinama kidogo, karibu na mwandiko wa mkono. Pima ukubwa. Karatasi isiyokatwa sana huwa karibu sentimita 43 kwa 30. Ukipata picha zinazofanana lakini karatasi ni ndogo mno na mistari ni ya haraka haraka, huenda umeshika toleo la Johann Schönsperger wa Augsburg, ambaye alikinakili kitabu hicho bila kumuuliza mtu na kukitoa kwa bei nafuu mwaka 1496, 1497 na 1500. Hizo nazo ni za kale kwelikweli na zina wapenzi wake. Kosa ni kuzinunua kwa jina la Koberger.

Kwa kitabu usichokijua, kazi inaanzia kwenye mwanga. Inua karatasi kwenye dirisha. Karatasi ya kale ilitengenezwa kwa matambara, kwenye chekeche la waya, na waya ziliacha alama mbili: mistari myembamba iliyosongamana, na mistari mingine inayoikata, iliyoachana kwa kama sentimita 2 hadi 4. Fuata hiyo iliyoachana. Ikisimama wima kuelekea juu ya ukurasa, karatasi kubwa ya kiwandani ilikunjwa mara moja, hiyo ni folio. Ikilala kwa upana, ilikunjwa mara mbili, ni kwarto. Ikisimama wima na ukurasa ni mdogo, ni oktavo. Kisha tafuta alama ya maji, ndugu ya ile unayoiona kwenye noti: kichwa cha fahali, taji, mkono, mzani. Katika folio hukaa katikati ya karatasi moja na kukosekana kwenye mwenzake. Katika kwarto imekatwa na mkunjo wa katikati. Katika oktavo ipo kona ya juu upande wa ushonaji. Mistari ikisema folio na alama ikisema kwarto, kuna kitu hakijakaa sawa, na afadhali usubiri kabla ya kutoa pesa.

Chini ya ukurasa huenda kuna herufi na namba, kwa mfano "c iij". Ni alama ya mkunjo, iliyomwelekeza mshonaji mpangilio. Alfabeti yake ina herufi 23, bila J, bila W, na U na V zikiwa kitu kimoja, kwa hiyo usihesabu kwa alfabeti ya leo ukashangaa namba hazikutani. Hatimaye pima mistari 20 ya maandishi kwa rula, kutoka msingi wa mstari wa kwanza hadi msingi wa ule wa ishirini na moja, katika milimita. Wataalamu wa vitabu vilivyochapwa kabla ya 1501, ambavyo huitwa inkunabula, hutumia kipimo hicho kutambua seti ya herufi ya kila mchapaji, na orodha za seti hizo zipo wazi mtandaoni.

Ukiwa na lugha, ukubwa, namba ya karatasi na kipimo hicho, ingia kwenye orodha za vitabu za mtandaoni: ISTC kwa vitabu vya karne ya 15 au VD16 kwa vya Kijerumani vya karne ya 16. Rekodi nyingi zina kiungo cha nakala iliyopigwa picha, hasa kutoka maktaba ya jimbo la Bavaria huko München. Fungua karatasi yenye namba yako na ulinganishe mstari kwa mstari. Usilinganishe picha, linganisha mahali mistari inapokatika: neno la mwisho la kila mstari, vifupisho, makosa ya herufi. Kibao kilihama toleo hadi toleo. Mpangilio wa herufi ulifumuliwa na kupangwa upya kila mara. Mistari mitano ikikatika mahali palepale, umelipata toleo.

Hapo ndipo Sebastian Münster anapowasumbua watu. Kitabu chake cha maelezo ya dunia kilitoka Basel kwa Heinrich Petri mwaka 1544, kikaendelea kutolewa kwa Kijerumani, Kilatini, Kifaransa na lugha nyingine hadi 1628. Miaka 84, na kwa sehemu kubwa ya muda huo vibao vilikuwa vilevile. Ramani yake ya Afrika, iliyoonekana kwanza mwaka 1540, ni ya mbao, upana wake kama sentimita 34, ikiwa na tembo kusini, kasuku juu ya miti, na jitu lenye jicho moja limekaa upande wa magharibi. Hii ndiyo ambayo mwana Afrika Mashariki mwenye bajeti ya wastani anaweza kuilenga badala ya Kilwa ya shaba. Lakini "Münster 1544" kwenye tangazo huwa ni kubahatisha mpaka mgongo usomwe. Lugha ya mgongoni inapunguza matoleo kwa kiasi kikubwa, namba ya ukurasa inapunguza tena, na mpangilio wa mistari unamalizia. Kuna msaada mwingine mdogo: majina ya mahali kwenye ramani zake hayakuchongwa ndani ya mbao, yalichomekwa kwenye nafasi zilizotobolewa, kwa hiyo kutoka toleo moja hadi jingine jina linaweza kubadilika sura ya herufi au kukaa upogo. Kuanzia 1588 ramani zilichongwa upya kwa mtindo mwingine, na ya Afrika haina tena lile jitu.

Kibao halisi, karatasi ya baadaye

Kibao hakifi mchapaji anapokufa. Makumbusho ya Plantin-Moretus huko Antwerp yana maelfu yake mpaka leo. Hans Albrecht von Derschau alikusanya vibao vya kale vya Kijerumani, na Rudolph Zacharias Becker akavichapa tena Gotha kati ya 1808 na 1816. Michoro ya Vesalius ya mwili wa binadamu, iliyotoka Basel mwaka 1543, ilichapwa upya München mwaka 1934 kwa vibao vilevile vya awali, miaka kumi kabla mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia hayajaviteketeza. Zote hizo ni chapa za kweli kutoka mbao za kweli, na muuzaji akisema "kibao cha awali" hajadanganya. Ila hazikuwahi kuwa karatasi za kitabu cha karne ya 16. Dalili ya kawaida ni mgongo mtupu pale ambapo kitabu kilikuwa na maandishi, na pambizo pana kupita kiasi.

Kwa karatasi ya karne ya 20, ile taa ya UV wanayotumia madukani kukagua noti inatosha. Viwanda vilianza kutia dawa ya weupe kwenye karatasi katikati ya karne hiyo, na chini ya taa hiyo karatasi yenye dawa inawaka bluu nyeupe. Ya matambara inabaki imepooza, rangi ya maziwa au kahawia hafifu. Taa hiyohiyo hufichua gundi, viraka, na mihuri ya maktaba iliyofutwa kwa kemikali.

Matundu ya aina mbili

Wadudu walibungua vitabu, na pia walibungua vibao, na alama zake zinafanana kwa mbali. Tundu la karatasi unalipitisha mwanga: lina kingo kavu, lipo uso na mgongo, na linakata herufi na picha bila kuchagua. Tundu la kibao halipo kwenye karatasi kabisa. Ni kitone cheupe, cha mviringo, katikati ya wino, kwenye picha tu. Ukipitisha ncha ya kidole hakuna shimo. Linakwambia kuwa kibao kilikaa ghalani miaka mingi kabla ya kutumika mara hii, na kwamba umeshika chapa ya baadaye. Ufa mweupe unaokata picha nzima kwa mstari ulionyooka unasema hivyohivyo. Karatasi isiyo na tundu hata moja lakini yenye picha iliyojaa vitone vyeupe inapaswa kukutia shaka kuliko ile iliyobunguliwa kwa uaminifu.

Rangi inataka macho zaidi. Karatasi nyingi zilitoka kwa mchapaji zikiwa nyeusi tupu, na mnunuzi akamlipa mpakaji akipenda. Nyingine zimepakwa rangi karne mbili tatu baadaye, au wiki iliyopita, kwa kuwa zenye rangi huuzika haraka. Kijani cha kale kilitokana na shaba, na shaba hula karatasi: geuza, utaona kivuli cha kahawia mgongoni mahali palepale, na wakati mwingine karatasi imepasuka hapo kama jani kavu. Kijani kilicho hai upande mmoja na safi upande wa pili si lazima kiwe cha uongo, lakini hakina ushahidi. Tazama kwa lenzi kwenye kingo za matundu na mipasuko. Rangi ikiwa imeingia ndani ya ukingo wa tundu, au imepita juu ya kiraka, ilipakwa baada ya uharibifu. Bei ya rangi ya baadaye iwe sawa na bei ya karatasi isiyo na rangi, au chini yake.

Kasoro nyingine tuzipitie haraka. Doa la maji lenye ukingo ni la kawaida na halitaenea likikaa pakavu. Madoa madogo ya kahawia hupunguza bei kidogo. Kilicho kibaya zaidi ni kile kinachopendeza: karatasi nyeupe, laini, iliyonyooka kama shati la sherehe. Imeoshwa kwa dawa na kubanwa, ule mbonyeo wa herufi umepotea, na nyuzi zake zimedhoofika. Ikipigwa kidole kidogo hewani, karatasi nzima ya matambara hulia kwa ukakamavu. Iliyooshwa vibaya hunyamaza kama kitambaa. Angalia pia kama mkata kingo alikata kichwa cha ukurasa au namba, maana bila namba umepoteza nusu ya kazi ya utambuzi.

Ukingo wa ndani

Upande ulioshonwa ndio unaosema karatasi ilitokaje kitabuni. Kitabu kikifumuliwa, nyuzi hukatwa na karatasi hutoka na mkunjo wake, ikiwa na vitundu vya sindano na pengine gundi kavu. Karatasi iliyokatwa kwa wembe sentimita moja ndani ya pambizo, kwa mstari mweupe mpya, inatakiwa iulizwe maswali. Huenda ilikatwa hivyo zamani ili iingie kwenye fremu. Huenda ilitoka maktaba chini ya koti la mtu. Mwaka 2005 muuza ramani Forbes Smiley alikamatwa katika Chuo Kikuu cha Yale baada ya mfanyakazi wa maktaba kuona wembe sakafuni. Alikiri kuiba ramani 97 na akafungwa. Baadhi ya alizochukua zilikuwa zimeshauzwa kwa watu waliodhani wamenunua kihalali, na iliwabidi wazirudishe.

Kwa hiyo muulize muuzaji kwa maandishi: kitabu kilikuwa kimepungukiwa na nini kabla ya kufumuliwa, kilifumuliwa lini, na ulikipata wapi. Kuna hoja ya zamani kwamba kutawanya karatasi ni kuwagawia watu wengi kile ambacho kingebaki kwa tajiri mmoja. Otto Ege, mwalimu wa Cleveland huko Marekani aliyefariki 1951, aliitetea waziwazi huku akifumua miswada ya kale. Hoja hiyo haina nguvu tena sasa. Yeyote mwenye simu anaweza kuona kitabu kizima cha Schedel bure, lakini hakuna atakayeweza kuirudisha nakala iliyotawanywa nchi kumi. Nakala zaidi ya 1,000 za Kilatini bado zipo, na katika wingi huo nyingi zilishapungukiwa karatasi zamani. Hizo ndizo mahali pa kununulia. Anayetangaza karatasi 300 mfululizo kutoka kitabu kilichokuwa kamili mwaka jana, mwache na biashara yake.

Kuhusu bei, karatasi ya kawaida ya Schedel yenye vipicha vidogo vya watu huuzwa kwa mamia machache ya dola. Mji uliochukua kurasa mbili, hasa Nürnberg yenyewe, ni maelfu. Anayeanza akinunua karatasi moja ya bei ndogo yenye namba, pambizo na mbonyeo mzuri, atajifunza mengi kuliko kwa mji uliopakwa rangi jana. Iagize ikiwa bapa kati ya mbao mbili ngumu za kadibodi, si kuviringishwa kwenye bomba, na muuzaji aandike kwenye ankara umri wa karatasi na kifungu cha forodha 9706, cha vitu vya kale vyenye umri unaozidi miaka 100. Karatasi isiyo na maelezo hayo huishia kwenye meza ya afisa ikikadiriwa kama bango la ukutani.

Ikifika Mombasa au Dar es Salaam

Vitabu vya Ulaya vya utunzaji vinasema unyevu wa asilimia 35 hadi 50 na joto la nyuzi 18 hadi 20. Pwani yetu huvuka asilimia 70 bila taabu, na ukungu huanza kupata uhai ikishapita kama 65. Usihangaike kufikia namba za Ulaya. Hangaika unyevu usipande na kushuka ovyo. Chumba kinachowashwa kiyoyozi mchana na kuzimwa usiku ni kibaya kuliko chumba cha kawaida chenye hewa inayopita, kwa kuwa karatasi hujikunja na kukunjuka kila siku mpaka rangi ianze kuachia.

Iweke karatasi ndani ya folda isiyo na asidi, na folda ndani ya kisanduku cha plastiki chenye mfuniko unaobana, pamoja na mfuko wa silika wa gramu 200 hadi 500 na kipimo kidogo cha unyevu unachoweza kukisoma bila kufungua. Silika ikishashiba, ikaushe kwenye oveni na uirudishe. Mfuko angavu uwe wa poliesta. Wa PVC hutoa mvuke unaoigandisha wino. Kisanduku kisiguse ukuta wa nje wala sakafu, mchwa hawapigi hodi. Dawa ya kuulia wadudu isipulizwe juu ya karatasi wala karibu yake.

Ukitaka kuitundika, itundikwe ukuta wa ndani, mbali na dirisha, kwa mwanga wa kama luksi 50, na kadibodi yenye dirisha iwe nene ya kutosha ili kioo kisiguse wino. Ishikwe kwa vibanzi viwili vya karatasi ya Kijapani na uji wa wanga wa ngano, upande wa juu tu, ili iweze kuning'inia na kunyoosha mgongo. Selotepu kamwe, hata ile inayoandikwa kuwa ya kumbukumbu. Nyuma ya kadibodi kata dirisha la pili, ili mgongo wa karatasi usomeke bila kuitoa. Na kwenye kadibodi hiyo, si kwenye karatasi, andika kwa penseli laini: kitabu, mchapaji, mji, mwaka, lugha, namba ya karatasi, ulikonunua na tarehe.